Maji ya Waridi Ndani ya Kikopo cha Filamu

Siku tuliyomuaga Mzee Aggrey, kabla mwili wake haujapandishwa gari kwenda kuzikwa kwao magharibi, waliokuwa wanabendi wake waliitwa kwenye ukumbi wa kanisa Makongeni kunywa chai. Nami niliitwa, ingawa sikuwahi kupuliza chombo chochote maishani. Nilikuwa yule msichana wa mafuta ya midomo, na watu watatu waliniita hivyo hivyo pale mlangoni, watu wazima wenye wajukuu. Nilichukua kikombe changu na kipande cha mkate nikaketi karibu na mlango. Hilo lilikuwa zoea langu. Kwa karibu miaka thelathini, popote ambapo Zakaria angeweza kuwapo, mimi huketi karibu na mlango. Kwenye harusi huondoka kabla ya keki. Kwenye mazishi hujipeleka upande wa wapishi, nikajifanya nina kazi ya kuosha sufuria. Siku hiyo alikuwa ameketi mbele na wenzake, amestaafu tayari, kichwa cheupe, koti jeusi lenye vifungo vya shaba, na kabla sijatazama kitu kingine nilitazama mdomo wake. Ulikuwa mdomo mzima kabisa, wa mtu anayekula mkate na chai na kusimulia kisa. Nilijisikia afadhali kidogo, jinsi ninavyojisikia kila mara, halafu nikakumbuka kwamba sina haki ya kujisikia afadhali.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, ule mwaka mrefu ambao mtu amemaliza kidato cha nne, majibu yametoka, na chuo hakijamwita. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, ambaye kwa lugha ya kwetu tulimwita Senje, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Kilikuwa chumba kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua mekundu. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda cha Senje, na mbele palikuwa na meza, viti viwili, stovu ya mafuta ya taa, na godoro langu ambalo mchana lilikunjwa na kuwa kiti cha tatu. Ukuta uliotutenga na majirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua siku wanayokaanga omena na siku wanayochemsha mrenda, na wao nadhani walijua kila mara mimi na Senje tulipokosana. Majirani hao walikuwa wazazi wa Zakaria. Baba yake alifanya kazi ya reli, mama yake aliuza mboga kwenye kona, na Zakaria mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na miwili, alibeba magunia kwenye maghala ya Eneo la Viwanda siku walizomchukua. Siku ambazo hawakumchukua, na jioni zote, alipuliza tarumbeta nyuma ya jiko la pamoja.

Ilikuwa tarumbeta ya kanisa, kuukuu kuliko zote, iliyopitia mikono ya watu wengi kabla yake. Mzee Aggrey alimpa hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuitoa sauti ya maana. Kila Jumapili bendi ilipiga foleni barabarani, ngoma mbele na vyombo vya kupuliza nyuma, na watoto wa Makongeni wote wakafuata. Mnaojua Nairobi mnajua Julai inavyokuwa. Wingu linakaa chini wiki nzima, upepo ni mkavu, na midomo ya watu inapasuka. Midomo ya wapuliza vyombo ilipasuka zaidi. Nilimwona msichana mmoja wa bendi akimaliza wimbo na damu kwenye meno. Jioni hiyo nilimwambia Senje kwamba hii si haki, na Senje, ambaye hakupenda malalamiko yasiyo na kazi ndani yake, akavuta kutoka chini ya kitanda donge la nta ya nyuki lililofungwa kwa gazeti, ambalo lilikuwa limetoka nyumbani na wageni wa Krismasi. Akaniambia nijifunze.

Namna ya kutengeneza ilikuwa rahisi. Kijiko kimoja cha nta iliyokunwa kwa kisu, vijiko vitatu vya mafuta ya simsim, ndani ya kikombe cha bati, kikombe ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Unakoroga mpaka nta iyeyuke, unadondosha tone moja kwenye sahani baridi, unaligusa. Likiwa gumu unaongeza mafuta, likiwa tepetepe unaongeza nta. Vikopo nilipata kwa fundi wa picha wa Barabara ya Jogoo, vile vikopo vyeusi vya plastiki ambavyo filamu za kamera zilikuja ndani yake. Alikuwa anavitupa, na alinipa mfuko mzima huku akinitania kwamba nikianza kuuza uchawi nimkumbuke. Wiki ya kwanza niligawia bendi nzima. Nilijiona mtu. Mwezi haukuisha kabla yule msichana wa damu kwenye meno hajanirudishia kikopo chake kwa adabu nyingi, akisema yanamsaidia sana ila yananuka kidogo. Nilinusa. Yalinuka kama rangi ya mlango wa zamani, na kidogo kama mafuta ya kukaangia yaliyotumiwa mara tatu. Kwa kweli ile chupa ya simsim ya Senje ilikuwa imekaa dirishani tangu sikumbuki lini, na mimi sikuwa nimeinusa hata mara moja. Tangu siku hiyo mimi hunusa kila kitu, na watoto wangu wameacha kuona aibu ninapofanya hivyo dukani.

Nilimpelekea kikopo Bwana Yusuf, aliyekuwa na duka la dawa mtaa wa pili, Mwislamu aliyezaliwa hapo hapo Nairobi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa daktari lakini mtaa mzima tulimwita Daktari, naye alichoka kukataa. Alinusa, akafunga, akaniuliza nimechanganya nini na chupa ilikuwa wapi. Kisha akanieleza taratibu, hata wateja wawili wakasubiri, kwamba mafuta nayo huzeeka. Hewa ndiyo inayoyazeesha, na mwanga na joto huyasukuma yazeeke mbio, na yakishachacha hakuna cha kuyarudisha ujana. Lakini mafuta mapya yanaweza kupewa msaidizi. Akanionyesha vidonge laini vya vitamini E, vile vya rangi ya asali ambavyo ukivibonyeza vinarudi. Alisema nitoboe kimoja kwa sindano baada ya kuepua sufuria, nikamulie ndani, nikoroge. Kwamba hewa ikija itagombana kwanza na hicho, na mafuta yatapata nafasi. Nilifanya hivyo na simsim mpya kutoka sokoni, nikaweka vikopo mbali na dirisha, nikawa nanusa kila Jumamosi. Wiki ya nne yalikuwa bado yananukia nta na ufuta. Sijawahi kufaulu mtihani wowote wa shule kwa furaha ile.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu lilitokana na kufaulu. Daktari Yusuf alinijibu nilichomuuliza. Nilimuuliza habari za harufu, akaniambia habari za harufu. Mimi nikatoka dukani nikiamini nimepata kinga ya kila kitu, kwamba palipo na kidonge kile hakuna kinachoweza kuharibika. Leo ninapowafundisha vijana wanaoingia kazini huwaambia jambo hili asubuhi ya kwanza: kuchacha kuna dawa yake na ukungu una dawa yake, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Mafuta matupu na nta hayataki dawa ya ukungu, kwa sababu ukungu hauwezi kuishi pasipo maji. Ukitia maji, hata kijiko kimoja, hata kidole kilicholowa, umefungua mlango, na utahitaji kihifadhi cha kweli. Huwaambia mara mbili. Wao huandika na kuona mama huyu anapenda kurudia maneno.

Zakaria ndiye aliyenitia kiburi. Kila wiki mbili alikuja mlangoni na kikopo kitupu. Hakuna mwingine aliyeyamaliza upesi hivyo. Alisimama pale, hakuingia kwa sababu Senje hakutaka vijana waingie, akasema, "Sasa, Nora. Hiyo mafuta yako ni ya nguvu. Niongezee, imeniisha." Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sitadanganya kwamba niliisikia kama sifa ya mafuta peke yake. Nilifikiria mdomo ule ukipakwa kazi ya mikono yangu asubuhi na jioni, na nikaongeza bidii. Senje alikohoa nyuma ya pazia kila alipokuja, kikohozi kile kile kimoja, na alipoondoka aliniuliza kama nta ya nyumbani imekuwa ya mtu mmoja.

Mwisho wa Agosti habari ikaenea kwamba bendi moja ya serikali inatafuta wapuliza tarumbeta wawili, na mtihani ni mwisho wa Septemba. Mzee Aggrey alimwandikisha Zakaria bila kumuuliza. Nilijua uzito wa jambo hilo kwa sababu niliusikia ukutani. Ilikuwa saa ya kupika. Mimi nilikuwa natwanga njugu, Senje alikuwa amekwenda kwa jirani kuomba chumvi na akakaa huko, kama kawaida yake, na sauti zao zilinifikia vizuri nilipoacha kutwanga. Mama Zakaria alisema baba yake anastaafu Desemba. Alisema nyumba ni ya kazi, kazi ikiisha nyumba inarudi, wao watakwenda nyumbani kulima na mabinti wadogo wataacha shule ya hapa. "Zaka akipata hiyo kazi ya bendi, atapewa nyumba huko kambini, wasichana watakaa naye wamalize," alisema. "Asipopata, Senje wangu, ni magunia tu, kubeba na kubeba." Senje alimwambia asiongee hivyo mbele ya chakula. Kisha nikasikia kifuniko cha sufuria kikirudishwa.

Niliamua kumtengenezea Zakaria kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, kwa ajili ya mwezi ule wa mazoezi. Mama Swabra wa nyumba ya mwisho alikuwa amenipa chupa ya maji ya waridi yaliyobaki kwenye sherehe, na nilikuwa nimeona kwenye duka la mjini krimu nyeupe ya midomo yenye harufu hiyo. Nikayeyusha nta na simsim, nikatoboa vidonge viwili badala ya kimoja, kisha mchanganyiko ulipoanza kupoa nikamimina maji ya waridi kidogo kidogo huku nikipiga kwa uma bila kupumzika. Mkono uliniuma mpaka begani. Lakini ikawa nyeupe, laini, yenye harufu ya wageni, na nikaijaza kwenye vikopo vitatu ingali vuguvugu, nikavifunga. Viwili vilikwenda kwa Zakaria, kimoja nikabaki nacho. Alinusa akacheka. Alisema sasa atanuka kama bibi harusi, lakini akachukua, akashukuru, akavitia ndani ya sanduku la tarumbeta.

Wiki ya mwisho ya Septemba, Jumamosi, nilifungua kikopo changu. Kulikuwa na matone ya maji chini ya kifuniko, na juu ya ule weupe kulikuwa na madoa ya kijani kibichi na meusi, na moja lilikuwa limeota manyoya. Kiliniponyoka kikaanguka, nikakiokota na kukifunga. Kisha nikakitia mfukoni, nikachukua ndoo nikaenda mferejini ili tu nimwone Zakaria, nikamwona, na mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba. Nilimuuliza kuna nini. Alisema ni baridi, na akageuza uso. Mtihani ulikuwa Jumanne.

Sikurudisha hata ndoo nyumbani. Nilikwenda nayo mpaka dukani kwa Daktari Yusuf, maji yakinimwagikia miguuni, kikopo mkononi. Alifungua na kukisogeza mbali na uso. Akaniuliza, "Umetia maji?" Nikasema ya waridi. Akavua miwani. "Waridi ni jina tu, mwanangu. Ni maji." Nikamwambia nilitia vidonge viwili. Alinitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko kofi, akasema vile vidonge ni vya kuzuia mafuta yasichache, ukungu hauvijui wala hauviogopi. Nilimuuliza mtu akipaka hiki mdomoni itakuwaje. Alisema pengine hakuna, pengine mdomo wenye nyufa utavimba na kutoka vidonda, bora asipake tena. Nilimuuliza ni siku ngapi mpaka upone. Akasema hajui, inategemea mtu. Nikarudi na ndoo nusu.

Ilinipasa nimwambie. Kila mtu niliyemsimulia kisa hiki, naye ni mume wangu tu, aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nilikuwa na aibu, basi. Nilifikiria mama yake, aliyekuwa akinisifu kwa wanawake wenzake, akijua kwamba nimempaka mwanawe uozo wiki ya mtihani. Nikaona ni rahisi zaidi kuondoa kile kibaya na kuweka kizuri mahali pake. Nta ilikuwa imeisha. Kilichokuwapo ni mafuta ya mgando ya Senje, yale meupe ya dukani, ambayo nilijua ni salama maana hayana maji na hayachachi. Nilijaza vikopo viwili. Rangi ilikaribia, na harufu ya waridi ilikuwa imeshafifia kwenye yale ya zamani, lakini haya hayakunukia simsim, kwa hiyo nikaongeza simsim vijiko kadhaa na kukoroga, ili asigutuke. Yakawa mepesi, lakini nilijiambia wepesi ni mzuri kwa mdomo unaouma. Jumapili baada ya ibada Mama Zakaria alinituma ndani kwake nimletee kiti. Sanduku la tarumbeta lilikuwa chini ya meza. Kikopo kimoja kilikuwa nusu, kingine kizima, na vyote viwili vilikuwa vimeanza kuota madoa madogo pembeni. Nilipunguza kimoja cha kwangu kikawa nusu, nikavibadilisha, nikatoka na kiti kichwani na uozo mfukoni, nikauzika nyuma ya choo.

Jumanne alirudi saa ya chai. Tulikuwa mezani, Senje na mimi, viazi vitamu mbele yetu, na tulisikia mlango wao ukifunguliwa. Baadaye nikasikia sauti ya Zakaria ikisema haikuwa siku yake, wamemwambia arudi Januari wakichukua wengine. Baba yake akasema, "Kula kwanza." Senje akaacha kiazi chake kwenye sahani, nami nikasema nimeshiba na nikaenda kusimama nyuma ya pazia. Desemba walikabidhi ufunguo wa nyumba. Wazazi na wasichana walipanda basi la magharibi na masanduku yao, na Zakaria akaenda kuishi na wabeba mizigo wenzake wanne kwenye chumba kimoja mtaa wa Lucky Summer. Januari alirudi kwenye mtihani, akapita. Mwaka uliofuata wasichana walirudi Nairobi. Nilipopata habari kwamba amepita nilikaa kwenye kitanda cha Senje nikalia kwa nafuu. Lakini nafuu hiyo ilikuwa nusu, kwa sababu ile miezi ilikuwepo, na ni mimi niliyeipika kwenye sufuria.

Hayo yote niliyabeba kazini, na labda ndiyo sababu nilifika huko. Chuo kiliponiita niliomba kozi ya maabara. Kwa miaka mingi nimefanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya ngozi, chumba cha ukaguzi, ambako natazama, napima, na nanusa kila pipa kabla halijapata ruhusa ya kutoka. Wenzangu wananitania kwamba ninashuku hata maji ya bomba. Wana haki. Sijawahi kuruhusu kitu kitoke ambacho sikuwa tayari kukipaka mdomo wa mtu ninayempenda siku tatu kabla ya mtihani wake.

Ukumbini, Zakaria alisimama na kikombe chake, nikadhani anaongeza chai. Alivuka hadi kwangu. Alivuta kiti, akakaa kati yangu na mlango, akasema, "Nora. Leo hutoki. Nimekuona ukitoroka miaka mingi, nikafikiri nilikukosea kitu." Nilitaka kusema neno la adabu. Mzee Aggrey alikuwa amelala kwenye jeneza lake upande wa pili wa ukuta, na nikaona kwamba nikikaa kimya leo nitakaa kimya kwenye mazishi ya huyu pia, au yeye kwenye yangu. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, bila mpangilio, nikaanzia kwenye maji ya waridi. Kwamba yale mafuta meupe yaliota ukungu. Kwamba niliuona Jumamosi, na mdomo wake umevimba, na Jumanne akakosa nafasi, na nyumba ikaenda. Alinisikiliza kichwa amekiinamisha. Kisha akauliza, "Ukafikiri mdomo wangu ulivimba kwa mafuta yako?"

Nikasema ndiyo.

"Lakini mimi sikuwahi kupaka mdomoni," akasema Zakaria. "Hata siku moja. Mdomo wenye mafuta unateleza kwenye tarumbeta, Mzee Aggrey angenifukuza. Mdomo ulivimba kwa sababu nilikuwa napuliza saa nne kwa siku kama kichaa." Aliona aibu kidogo, mzee mzima, akatazama kikombe chake. Akanieleza kwamba tarumbeta ile ilikuwa imelika kwa uzee, na kile kibomba cha mbele kinachovutwa kurekebisha sauti, ambacho wao walikiita slaidi, kilikuwa kimelegea. Alijaribu mshumaa, kikakwama. Alijaribu mafuta ya kupikia, kikateleza. Mchanganyiko wangu wa nta ndio uliokishika sawasawa, kikakaa pale alipokiweka. Ndiyo maana aliumaliza haraka. Hakuweza kuniambia, kwa sababu nilikuwa nauleta nikiwa nimefurahi hivyo, na mama yake angemwadhibu kwa kudharau zawadi ya jirani.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Mabega yangu yalishuka, na nikagundua kwamba kwa miaka hiyo yote yalikuwa juu. Uozo wangu haukumgusa. Ulikaa kwenye shaba, basi. Nilicheka nikaziba mdomo kwa leso, maana tulikuwa msibani, na mama mmoja akageuka akidhani ninalia na akanipapasa mgongo.

Zakaria hakucheka. Alikuwa bado anaikumbuka siku ile. Alisema ni siku hiyo moja tu slaidi ilimkataa. Aliipaka asubuhi kama kawaida yake, akaingia mbele ya wale wakubwa waliosimamia mtihani, na katikati ya wimbo ikaanza kutoka yenyewe. Akairudisha, ikatoka. Sauti ikashuka, akapotea. Mmoja wa wale wakubwa akamuuliza kama anaogopa, akatazama mkono wake akauona unatetemeka. "Mafuta yalikuwa yale yale, slaidi ile ile," alisema. "Nikajua ni mkono. Nimepuliza kwa viongozi, nimepuliza viwanjani, na kila mara kabla ya kuanza nilishika slaidi kwa kidole, nikijua ndani yangu kuna mtu mwoga. Mke wangu tu ndiye anayejua hilo."

Niliweka kikombe sakafuni. Nilijiona nikikoroga, vijiko vya simsim vikiingia kwenye mafuta ya mgando, yakiwa mepesi, nami nikijipongeza.

"Zaka," nikasema, "hayakuwa mafuta yale yale."

Nilimweleza habari ya kiti, ya sanduku chini ya meza, ya vikopo viwili nilivyobadilisha Jumapili ile. Kwamba yalikuwa mafuta ya mgando tu, nimeyalainisha zaidi kwa simsim ili asijue. Kwamba hakuna slaidi iliyolika ambayo ingekaa juu ya kitu kile, hata ingeshikwa na mtu wa mawe. Nilisubiri anikasirikie. Nilikuwa tayari, na kusema kweli nilikuwa nimekuja na hasira yake mfukoni tangu nikiwa msichana. Yeye aliweka kikombe chake sakafuni, kando ya changu. Ukumbini walikuwa wameanza kukusanya vikombe.

"Kwa hivyo haikuwa mkono," akasema.

Nikamwambia haikuwa mkono. Akarudia mara nyingine, polepole. Kisha akaunyosha mkono wake wa kulia mbele yetu, vidole vimetanuka, na sisi wawili tukainama kuutazama. Ulikuwa umetulia kabisa.